Aliyetengeneza Gemu Anataka Nini kwa Mwanao?

Tutazungumza juu ya watoto wetu na gemu, na nitaanzia vijijini, mkoani Tanga.

Mwishoni mwa mwaka 2017 vishikwambi viligawiwa kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo. Walikuwa watoto wa rika la shule ya msingi, na walipoulizwa, takribani robo tatu yao walisema hawajawahi kuhudhuria shule. Wanane katika kila kumi hawakuwa wamewahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Vishikwambi hivyo vilikuwa sehemu ya shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za jumla ya dola milioni 15, lililofanyika hapa Tanzania kwa ushirikiano wa serikali, UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani. Swali lake lilikuwa moja: mtoto asiye na mwalimu anaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu akiwa na programu tu mkononi? Timu tano zilizofika fainali zilileta programu zao kwa Kiswahili, kila moja ikapewa vijiji vyake, na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua vikajengwa.

Ukizifungua programu za namna hiyo unakutana na gemu. Herufi inatokea, sauti inaitamka, mtoto anaigusa, picha inacheza. Akikosea hakuna wa kumcheka wala wa kumchapa. Anarudia, anarudia tena mpaka anapata, kisha hatua inayofuata inafunguka. Baada ya miezi 15 watoto walipimwa, na Mei 2019 matokeo yakatangazwa: timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitoka sare na kugawana ushindi. Idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu.

Naomba uitazame nusu hiyo kwa pande zote mbili. Upande mmoja, kuna mamia ya watoto walioanza kusoma maneno kwa sababu ya gemu. Upande wa pili, baada ya miezi 15 ya kukaa na kioo kinachong'aa, kuna waliobaki palepale walipokuwa. Kwa hiyo anayesema teknolojia itachukua nafasi ya mwalimu hasemi kweli, na anayesema gemu ni upotevu wa muda mtupu naye hasemi kweli. Tanga imewajibu wote wawili.

Nimeanza huko kwa makusudi. Tukizungumza juu ya watoto na simu, lawama zote tunaitupia simu. Mama anasema, "Simu hii imeniharibia mtoto." Baba anaichukua, anaifungia kabatini, anaona kazi imekwisha. Lakini kioo kilichomfundisha mtoto wa Tanga herufi ndicho kioo kinachomfanya kijana wa Mbagala, Dar es Salaam, au wa Kayole, Nairobi, akeshe mpaka alfajiri. Kifaa ni kilekile. Kilichotofautiana ni nia ya aliyetengeneza kilichomo ndani. Waliokwenda Tanga walikuwa wanashindania zawadi inayotolewa mtoto akijua kusoma. Mtoto asipojua, wao wanakosa. Sasa jiulize, hii gemu anayocheza mwanao jioni hii, mwenye nayo anapata pesa mtoto akifanya nini?

Swali hilo ndilo ninalotaka tutembee nalo leo.

Twende kwanza kwenye kibanda cha gemu, maana mtaa wako unacho. Chumba kimoja, televisheni mbili au tatu, mashine za PlayStation za zamani, benchi, pedi zilizofungwa gundi, na vijana wanaolipa kwa mechi. Mpira ndio unaotawala. Wazazi wengi tunapita pale tukisikitika, na sababu tunazo: kuna wanaotoroka vipindi, kuna hela ya vitumbua inayoishia pale, na kuna vibanda ambavyo nyuma ya pazia yanaendelea mambo mengine kabisa. Lakini ukisimama ukaangalia bila hasira, unaona pia watoto wanaosubiri zamu, wanaopatanisha ugomvi wao wenyewe, wanaofundishana, wanaoshindwa mbele ya watu wakacheka na kuinuka. Na gemu yenyewe ina dakika zake. Mechi ikiisha imeisha, ukitaka nyingine toa hela nyingine mfukoni, uione ikitoka.

Wataalamu nao wametafiti mambo haya kwa miaka mingi. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba watu waliocheza gemu za mapambano kwa siku kumi tu, saa moja kila siku, walipata uwezo mkubwa zaidi wa kufuatilia vitu vingi kwa macho kwa wakati mmoja. Watafiti wa Oxford nao walifuatilia wachezaji karibu 39,000, na mwaka 2022 wakaeleza kwamba wingi wa saa za kucheza haukuonekana kumwongezea mtu furaha wala kumpunguzia kwa kiasi cha maana. Kilichohusiana na hali ya mtu ni sababu ya kucheza kwake: anacheza kwa kuwa anapenda, au anacheza kwa kuwa anajihisi hawezi kuacha? Wachezaji wale walikuwa watu wazima, si watoto wetu wa darasa la sita, na hilo tusilisahau. Hata hivyo tofauti waliyoiona ni ya kushika. Mtoto anayecheza kwa kupenda utamwita chakula kikiwa tayari, atanung'unika, atakuja. Anayecheza kwa kushindwa kuacha utamwona usoni kwamba hata gemu yenyewe haimfurahishi tena, lakini kidole bado kinagusa.

Kidole hicho kuna watu wanaolipwa mshahara ili kiendelee kugusa. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani wa karne iliyopita aliyeitwa B. F. Skinner. Alikuwa na njiwa ndani ya boksi, na kitufe cha kudonoa ili chakula kishuke. Chakula kilipokuja kila njiwa anapodonoa, halafu kikakatwa, njiwa alikata tamaa upesi. Lakini chakula kilipokuja bila mpangilio, leo mara ya tatu, kesho mara ya ishirini, njiwa alidonoa na kudonoa, na hata chakula kilipokatwa kabisa aliendelea muda mrefu sana. Utaratibu huo wa zawadi isiyotabirika ndio ulioko ndani ya mashine za kamari, na leo umo ndani ya gemu nyingi za simu zinazoitwa za bure. Kuna sanduku linalometameta, mtoto hajui lina nini, akilifungua huenda akapata nguo ya kawaida ya mchezaji wake, huenda akapata bunduki ya dhahabu inayoonewa wivu na darasa zima. Kulifungua anahitaji almasi au sarafu za ndani ya gemu, na almasi hizo zinanunuliwa kwa shilingi halisi, kwa simu ya mama.

Ubelgiji walilitazama jambo hili mwaka 2018 wakasema wazi kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari kwa mujibu wa sheria zao, na kampuni za gemu zikalazimika kuyaondoa nchini humo. Marekani nako, Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, yenye gemu ya Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza mashitaka ya tume ya biashara ya nchi hiyo. Sehemu moja ya fedha hizo ilihusu taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 zilizokusanywa bila idhini ya wazazi. Sehemu nyingine ilihusu jinsi vitufe vilivyopangwa, hata watu wakatozwa kwa kubonyeza kwa bahati mbaya, na watoto wakanunua vitu bila mzazi kuulizwa. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukikuta mwanao amemaliza salio na hajui hata ameligusaje, kabla hujamwita mwizi, kumbuka kwamba huenda amesukumwa na watu wazima wenye elimu kubwa waliokaa mezani wakapanga kitufe kikae wapi.

Wala sisemi kila gemu iko hivyo. Zipo zinazonunuliwa mara moja, ukalipa ukamaliza. Zipo zenye mwanzo, kati na mwisho kama hadithi. Mtengenezaji wa gemu ya aina hiyo amekwishapata chake, hana haja ya kukesha na mwanao. Aliyekupa bure ndiye anayehitaji mtoto asiondoke, kwa sababu anauza matangazo na almasi. Ndiyo maana gemu yake haina mwisho, na mtoto asipoingia siku moja anatumiwa ujumbe kwamba zawadi yake ya leo inapotea.

Gemu zetu za kale hazikuwa na mtu huyo katikati. Chukua bao. Mashimo 32, kete 64, unanamua mpaka kete za mkononi ziishe, unaingia hatua ya mtaji, na mwenye safu ya mbele tupu amefungwa. Ni mchezo mgumu kweli. Mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, aliandika tasnifu nzima huko Leiden, mwaka 1995, juu ya uwezo wa akili wa mafundi wa bao wa Zanzibar, watu wanaozungusha hesabu ndefu ya kete kichwani kabla mkono haujagusa ubao. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao. Mtoto alijifunza kwa kukaa nyuma ya wazee barazani, akitazama, akifukuzwa, akirudi. Adhana ikisikika watu wanainuka. Hakuna aliyepata hasara kwa mchezaji kwenda kuswali au kwenda shambani. Sitaki kuipamba baraza kupita kiasi, kwa sababu dada zetu kwa sehemu kubwa hawakuwa na nafasi pale, na vibanda vya gemu vya leo vimerithi kasoro hiyohiyo: ingia ukahesabu wasichana. Ndiyo maana nilifurahi kusikia habari za Sylvia Gathoni wa Kenya, mchezaji wa Tekken anayejulikana kama QueenArrow, aliyesajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa ya wacheza gemu. Alipita mlango ambao mabinti wengi hawaoneshwi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi katika yote, nalo ni njia fupi iliyopo kati ya gemu na kubeti.

Kijana wa kidato cha pili anayecheza mpira kwenye PlayStation anajua wachezaji wote, anajua timu zote, anajua nani ameumia goti. Anajiona fundi. Kaka mkubwa pale kibandani anamwambia, kwa akili hizo unashindwaje kutengeneza mkeka wa kubeti? Sheria ya Tanzania inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha. Lakini laini za simu zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole vya watu wazima, na mtoto anatumia laini ya mama, ya shangazi, ya bodaboda wa jirani. Kampuni ya kubeti inapotazama upande wake inamwona mama wa miaka 42 anabeti usiku wa manane. Inampokea kwa mikono miwili.

Kuna na ile michezo ya simu ambayo ukiitazama kwa mbali utadhani ni gemu ya mtoto wa chekechea. Kandege kanapaa, namba inapanda, mara mbili, mara tano, mara kumi, na wewe unatakiwa utoe hela yako kabla kandege hakajatokomea. Rangi nzuri, sauti nzuri, na raundi moja ni sekunde chache. Mkeka wa mpira angalau unasubiri dakika 90. Kandege hakasubiri chochote. Ongeza na mashine za kamari, zile za dubwi, zilizowekwa kwenye vibaraza vya maduka, kwa urefu ambao mtoto wa darasa la nne anafikia vizuri kutumbukiza sarafu. Nani aliyepima urefu ule?

Kenya ilifika mahali ambapo, mwishoni mwa Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, katika redio, televisheni, mabango na mitandaoni. Siku 30 ni chache, lakini ziliwaonyesha watu ukubwa wa kelele iliyokuwa imezoeleka. Na sisi wa redio tunahusika moja kwa moja. Matangazo hayo yanapita katika vipaza sauti kama hiki ninachozungumzia sasa, saa ambazo watoto wamekaa na wazazi wao wakisikiliza mpira. Nadhani vituo vyetu vinapaswa kuyaondoa katika saa hizo, hata kabla ya kuamriwa na mtu.

Tuje kwenye usingizi. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane mpaka kumi kila usiku. Usingizi si anasa. Ndani yake ndimo ubongo unapopanga na kuhifadhi kilichosomwa mchana, kwa hiyo mtoto aliyekesha amepoteza somo la kesho na pia ameliacha somo la jana likimwagika. Mwalimu anamwona anasinzia kipindi cha kwanza, anamwita mvivu. Mzazi anamwona mkali bila sababu, anasema ni ujana.

Kwa nini anakesha? Kwa watoto wa nchi tajiri mtu atakuambia ni tamaa ya gemu. Kwetu kuna sababu nyingine, na ni ya hesabu tu: bando la usiku ni rahisi. Kampuni zetu za simu zinauza vifurushi vya usiku wa manane mpaka alfajiri kwa bei ya chini kuliko vya mchana, kwa kuwa usiku mitambo yao haina kazi nyingi. Mtu mzima anayelala hana habari navyo. Mwanafunzi mwenye shilingi mia tano ana habari navyo kamili. Anaweka kengele saa sita, anaamka, anapakua, anacheza na wenzake ambao nao wameamka kwa sababu hiyohiyo. Ni mtoto anayebana matumizi, na bei tuliyompangia ndiyo inayomnyima usingizi.

Sasa linganisha na Korea Kusini. Mwaka 2011 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwafungia gemu za mtandaoni wenye umri chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wao walifunga saa zilezile ambazo kwetu zinauzwa kwa punguzo. Sheria hiyo haikudumu. Watoto walitumia namba za utambulisho za wazazi wao, gemu zikahamia kwenye simu ambazo sheria haikuzigusa, na serikali ikaifuta kuanzia mwaka 2022. China ilikwenda mbali zaidi: tangu Septemba 2021, aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili mpaka saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siamini tunahitaji amri ya namna hiyo, wala hatuna vyombo vya kuisimamia. Lakini kumwomba mwenye kampuni ya simu asimuuzie mtoto usingizi wake kwa bei ya kutupa, hilo halihitaji kuwa China. Anayeweza kupunguza bei saa nane usiku anaweza kuipunguza saa tisa alasiri, watoto wanapotoka shule.

Wapo watakaoniuliza, je, huu ni ugonjwa? Shirika la Afya Duniani limeingiza tatizo la kucheza gemu kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini limeweka masharti mazito. Mtu awe anashindwa kujizuia, gemu iwe imeyapita mambo mengine yote katika maisha yake, aendelee ingawa anaona madhara, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi 12 au zaidi, kiasi cha kuvuruga masomo, kazi au familia. Kwa vipimo hivyo wachezaji walio wengi si wagonjwa. Mtoto anayecheza wiki tatu za likizo mpaka macho yanamwuma anahitaji kutumwa sokoni na kupewa mpira wa kweli, hahitaji daktari wala maombi ya kutoa pepo. Ila yule ambaye mwaka umekatika, ameacha marafiki, ameacha kuoga, amefeli, analia simu ikizimwa, huyo usimfokee tu. Mara nyingi kuna jambo lilitangulia: msiba, wazazi kutengana, uonevu shuleni. Gemu ilikuwa mahali pa kujificha. Ukimnyang'anya maficho bila kuuliza anajificha nini, atatafuta mengine, na huenda yakawa mabaya zaidi. Mpeleke hospitali ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili, kaa naye kwenye foleni.

Sitaki muondoke mkidhani vijana wetu ni wa kutegwa tu. Lual Mayen alizaliwa familia yake ikikimbia vita vya Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Aliwahi kuona kompyuta mahali pa kusajilia wakimbizi, akaitamani. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akapata dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme, kwa hiyo kijana alitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha kutengeneza gemu, na gemu yake aliipa jina la Salaam: mchezaji ni mtu anayekimbia vita, na anachotafuta ni amani. Mama yule, nadhani, hakujua gemu inatengenezwaje. Alijua tu kwamba mwanawe anataka kujenga kitu, akampa chombo. Dar es Salaam nako, taasisi ya Ubongo imekuwa ikitengeneza vipindi vya katuni vya Ubongo Kids tangu mwaka 2014, hesabu na sayansi kwa Kiswahili chetu, na watoto wanaimba kanuni za hesabu barabarani. Na zile programu za Tanga, sharti la shindano lilikuwa ziwe wazi kwa kila mtu bila malipo. Mwalimu aliyepewa kishikwambi kilichotumika katika sensa ya 2022, naye anakitumia kupiga picha za harusi, anaweza kuwatafutia wanafunzi wake programu hizo.

Limebaki jambo la shule. Shule zetu nyingi za sekondari, Tanzania na Kenya, zinakataza kabisa wanafunzi kuwa na simu, na za bweni zinakagua mpaka chini ya godoro. Naiunga mkono amri hiyo darasani. Lakini fikiri kinachotokea Novemba, mtihani wa kidato cha nne unapokwisha. Kijana wa miaka 17 amekaa miaka minne bila simu, amefunga sanduku, amerudi nyumbani, na familia kwa furaha inampa simu janja ya zawadi. Hana ratiba, hana kengele ya shule, hana kazi, anasubiri matokeo kwa miezi. Hajawahi kufundishwa na mtu yeyote kujizuia mbele ya kitu hicho, kwa sababu miaka yote alizuiwa na mlinzi wa getini. Katika miezi hiyo ndipo wengi wanapojifunza mkeka na kandege.

Kwa hiyo mzazi unayenunua simu hiyo, siku ya kwanza kaa naye. Muulize anapenda gemu gani, mwambie akufundishe, ushindwe, akucheke. Muulize gemu hiyo inaishia wapi, na mwenye nayo anakula wapi. Utashangaa jinsi vijana wanavyoijua biashara hiyo wakiulizwa kwa heshima. Badilisha namba ya siri ya akaunti yako ya pesa ya simu, na usiiandike nyuma ya kalenda. Angalia laini ipo kwa jina la nani. Mkubaliane simu zote za nyumba nzima zilale sebuleni saa nne usiku, na yako iwe ya kwanza kuwekwa mezani.